Al-Razi, Mzee wa Rayy Aliyenifuata Hadi Kenyenya

Juma hili nawapumzisha wanasiasa wetu. Nataka nikusimulie habari za mtu aliyefariki miaka elfu moja na mia moja iliyopita, mtu ambaye mimi nilimjua vizuri nikiwa mbali na bahari, katika baridi ya milima ya Kisii.

Mwaka 2005 nilikuwa kijana wa miaka 23, diploma ya maabara mkononi na kazi sina. Mombasa nilibisha kila mlango nikachoka. Mwisho nikapata kibarua cha fundi wa maabara katika shule moja ya upili ya kutwa karibu na Kenyenya. Wakati huo ilikuwa wilaya ya Gucha, siku hizi ni kaunti ya Kisii. Mama alinifungia sambusa za njiani na kofia ya sufi, nikapanda basi la usiku. Nilikuta mahali pa kijani kitupu, migomba na majani chai, na mvua inayonyesha karibu kila alasiri kama imeandikiwa ratiba.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja, meza ndefu nne, sinki mbili na mtungi wa gesi uliokuwa ukiisha kila tunapouhitaji. Kazi yangu ilikuwa kumtayarishia mwalimu vyombo na kusaidia watoto wakati wa majaribio. Muhula ule kidato cha kwanza walikuwa wakisoma namna ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika.

Siku ya kwanza tulichanganya maji na mafuta ya taa. Hayo ni rahisi. Mafuta ya taa ni mepesi, yanaelea juu ya maji, na mpaka kati yao unauona kwa macho. Unavitia katika chombo cha kioo chenye tumbo kubwa na koki chini, unasubiri vitulie, unafungua koki polepole. Maji yanatoka, na mpaka ukifika kwenye koki unafunga. Watoto walipiga makofi.

Siku ya pili ilikuwa maji na ethanoli, yaani ile alkoholi yenyewe. Hapo hakuna mpaka. Vikishachanganyika vimekuwa kitu kimoja, hata ukisubiri mwaka havitengani. Njia ni moto. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100. Unachemsha taratibu huku jicho liko kwenye kipimajoto, mvuke unapanda katika mnara wa kioo uliojaa gololi ndogo. Mvuke wa maji hupoa kwenye gololi na kurudi chini, wa ethanoli husonga mbele hadi kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, na hapo hudondoka tone kwa tone. Kitendo hiki Kiswahili chake ni kukeneka.

Nikiwa nafunga vyombo, mtoto mmoja wa kiume, mdogo kuliko wenzake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kitu hiki wanacho nyumbani kwao. Wenzake wakamsikia, wakaangua kicheko. Wote walijua nyumba gani inapika chang'aa. Mtoto akainamisha kichwa na hakukiinua tena mpaka kengele ikalia.

Kusema kweli sikumtetea. Nilikuwa na dukuduku langu mwenyewe. Nimelelewa katika nyumba ambayo bibi yangu akipita karibu na mangwe alikuwa akifunika pua kwa ncha ya buibui. Leo mjukuu wake amesimama mbele ya watoto anachemsha pombe na kuikinga tone kwa tone. Mshahara huu, nikajiuliza, utakuwa na baraka kweli?

Jioni nilipanda kilimani, mahali palipokuwa na mtandao, nikampigia ami yangu aliyekuwa akiuza marashi Mji wa Kale. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza kama najua marashi ya mawaridi aliyokuwa akitia katika mrashi siku za harusi na maulidi yanatoka wapi. Ami alikaa Oman miaka mingi. Akanisimulia alivyopanda Jabal Akhdar msimu wa mawaridi na kuwaona wazee wa kule wakiyapika. Chungu cha udongo kinatiwa maua na kuwekwa juu ya moto. Ndani yake kunakaa chombo kidogo cha kukingia. Juu hufunikwa kwa bakuli la shaba lenye maji baridi. Mvuke unapanda, unagonga tumbo la bakuli, unapoa, unadondokea katika kile chombo kidogo. Hayo ndiyo marashi.

Nilinyamaza. Siku chache baadaye nilimuuliza yule mtoto kwa siri chombo cha kwao kikoje. Akanieleza: chungu, ndani yake sufuria ndogo, juu karai la maji baridi linalobadilishwa likipata moto. Kitu kilekile. Kwenye mlima mmoja kinatoa marashi, kwenye mlima mwengine kinatoa chang'aa.

Ami hakuishia hapo. Juma lililofuata alinipelekea kwa basi kitabu cha maisha ya wanazuoni wa zamani, akakunja ukurasa wa Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsoma mzee huyu kila nikipata nafasi.

Al-Razi alizaliwa mwaka 865, sawa na 251 Hijria, katika mji wa Rayy huko Uajemi. Rayy ilikuwa mji mkubwa wa biashara katika njia ya misafara. Leo umemezwa na Tehran. Jina lake al-Razi maana yake ni mtu wa Rayy, kama vile sisi tunavyosema al-Lamuy kwa mtu wa Lamu. Waliosimulia maisha yake wanasema ujanani alipenda kupiga udi, yaani ala ya nyuzi, na kwamba utabibu aliuanza akiwa mtu mzima. Basi kijana aliyechelewa asikate tamaa.

Alipoushika utabibu aliushika kwa mikono miwili. Aliongoza hospitali ya kwao Rayy, kisha hospitali Baghdad, mji mkuu wa ulimwengu wa Kiislamu wakati ule. Kuna kisa kinachopendwa sana, kwamba alipoulizwa hospitali mpya ya Baghdad ijengwe wapi alitundika vipande vya nyama katika mitaa mbalimbali, akachagua mtaa ambao nyama ilichelewa kuoza. Kisa ni kitamu, lakini hospitali inayotajwa, ile ya Adud al-Dawla, ilifunguliwa karibu na mwaka 981, naye alifariki 925. Nakisimulia kama hadithi tu. Nadhani al-Razi mwenyewe angetaka tukipime hivyo.

Kwani kupima ndiko kulikokuwa tabia yake. Palikuwa na ugonjwa wa kuvimba ubongo ambao matabibu wakiutibu kwa kuumika damu. Yeye aliwaumika wagonjwa kundi moja na kundi jingine akaliacha makusudi, apate kuona tofauti. Ndui na surua ambazo watu walikuwa wakizichanganya, yeye aliziandikia kitabu kizima na kueleza alama za kila moja. Hata Galen wa Kiyunani, aliyekuwa akiheshimiwa na matabibu wote kama imamu wao, al-Razi alimwandikia kitabu cha mashaka, akionyesha mahali ambapo yale aliyoyaona kwa wagonjwa wake hayakuafikiana na maneno ya bwana yule.

Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyeorodhesha vitabu na waandishi wa zama zake, ametuachia sura yake. Anamtaja kuwa mzee mwenye kichwa kikubwa, anayekaa na wanafunzi wake wamempanga safu mbele yake, na nyuma yao wanafunzi wa wanafunzi. Mgonjwa akija hueleza shida yake kwa wale wa mwanzo. Wakishindwa humpeleka kwa wanaofuata, na wote wakishindwa ndipo Sheikh mwenyewe husema. Anasema pia alikuwa mkarimu, akiwahurumia maskini na kuwatibu, na kuwapa posho. Kitabu kimoja alikiandika makusudi kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu yake. Nilipokisoma kichwa chake nikiwa Kenyenya, ambako mgonjwa wa usiku alibebwa kwa mkokoteni hadi barabarani, niliona mzee huyu angetufaa sana.

Sasa nije kwenye maabara. Zama zake watu wengi walioshughulika na kimiya, neno lililozaa kemia ya leo, waliandika kwa mafumbo. Walificha majina ya vitu, wakatumia ishara za simba na jua na mwezi, ili asiyepewa siri na mwalimu asielewe kitu. Al-Razi aliandika kitabu kiitwacho Kitab al-Asrar, yaani Kitabu cha Siri, na ndani yake siri akaziweka wazi. Amekigawa mafungu matatu: vitu, vyombo na vitendo.

Katika fungu la vitu aligawa kila kilichomo duniani kuwa cha ardhini, cha mimea au cha wanyama. Vya ardhini akavipanga makundi sita, zikiwemo madini, mawe na chumvi za aina mbalimbali. Katika fungu la vyombo anataja tanuri na viriba vya kuvuvia moto, koleo, nyundo na tupa, kisha vyombo vya kioo na udongo. Hapo ndipo niliposoma nikasimama. Kuna chombo cha kuchemshia kiitwacho qar', maana yake mung'unye, kwa sababu ya umbo lake. Juu yake anbiq, kichwa chenye mdomo mrefu wa kuteremshia mvuke uliopoa. Na mwisho wa mdomo, qabila, chombo cha kupokea. Mung'unye, kichwa na mpokeaji. Vitu vitatu vilevile nilivyokuwa nikivisugua kwa sabuni kila Ijumaa asubuhi.

Wazungu walilichukua neno anbiq wakalifanya alembic. Neno alkoholi nalo limetoka kwa al-kuhl, wanja huu huu wanaopaka mama zetu. Mwanzoni lilimaanisha unga laini uliosagwa mno, baadaye likatumika kwa kitu chochote kilichosafishwa mpaka kubaki kiini chake, na mwisho likabakia kwa pombe.

Mafuta ya taa pia yamo. Al-Razi ameeleza namna ya kukeneka nafta nyeusi inayotoka ardhini mpaka ikatoka nyeupe na kuwaka vizuri. Njia moja aliyoitaja ni kuichanganya kwanza na udongo mweupe, kisha kuikeneka. Basi yale mafuta yaliyoelea mbele ya watoto wa Kenyenya, na yale yaliyokuwa katika kandili niliyosomea kitabu usiku, baba wa kazi yake ya kusafishwa ni huyu huyu.

Sitaki kumfanya malaika. Al-Razi aliamini kwamba shaba inaweza kugeuzwa dhahabu, na al-Kindi alipolikataa jambo hilo, al-Razi alimwandikia majibu ya kumpinga. Leo tunajua aliyekuwa na haki ni al-Kindi. Katika mambo ya dini pia maulamaa wengi walimkosoa vikali kwa maneno aliyonasibishwa nayo kuhusu utume, ingawa sehemu kubwa ya maneno hayo imetufikia kwa mikono ya wapinzani wake. Mimi si mufti, na wala sikumfuata kwa ajili ya itikadi. Nilimfuata kwa ajili ya mung'unye na kichwa chake.

Uzee wake ulikuwa mgumu. Macho yalififia mpaka akawa kipofu. Kuna wanaosimulia kwamba gavana mmoja aliyekasirika baada ya jaribio la kimiya kushindwa aliamuru apigwe kichwani kwa kitabu chake mwenyewe hadi kitabu kipasuke, na macho yakaharibika. Lakini yeye katika risala aliyoandika kujitetea ameeleza mambo mengine kabisa. Anasema katika mwaka mmoja aliandika zaidi ya kurasa 20,000 kwa hati ndogo kama ya hirizi, na kwamba kitabu chake kikubwa alikishughulikia miaka 15 usiku na mchana, mpaka macho yakapungua nguvu na mishipa ya mkono ikalegea. Hata hivyo hakuacha. Aliwaomba wengine wamsomee na wamwandikie.

Inasimuliwa pia kwamba alikuja tabibu wa kumpasua jicho. Al-Razi akamuuliza jicho lina tabaka ngapi. Tabibu hakujua. Mzee akakataa kuguswa. Alifariki kwao Rayy mwaka 925. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa aliyekuja karibu karne moja baadaye, aliorodhesha vitabu na risala zake 184. Al-Hawi, mkusanyiko mkubwa wa utabibu ambao wanafunzi wake waliupanga baada ya kufa kwake, ulifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na Faraj bin Salim, Myahudi wa Sicily, na matabibu wa Ulaya wakausomea kwa karne nyingi.

Nirudi Kenyenya. Nilimwomba mwalimu wa kemia anipe dakika kumi za kipindi. Nikawachorea watoto ubaoni chombo cha al-Razi, pembeni chungu cha mawaridi cha Oman, na pembeni yake chungu chenye karai juu. Sikutaja nyumba ya mtu. Nikawauliza tofauti iko wapi. Yule mtoto mdogo akainua mkono, akaeleza kwa nini maji ya karai lazima yabadilishwe: yakipata moto mvuke haupoi, unatoroka. Mwalimu akamwita mbele akamwambia afunge vyombo yeye. Hakuna aliyecheka.

Kisha nikawaambia jambo la hatari. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka ule ule wa 2005 makumi wengine walikufa Machakos kwa sababu hiyo hiyo. Methanoli ni ndugu wa ethanoli, rangi moja, na harufu karibu moja. Huchemka kwenye nyuzi 65. Kati ya 65 na 78 ni nafasi ndogo. Katika maabara yenye mnara na kipimajoto ni kazi, sembuse chungu na kuni.

Siku ya mkutano wa wazazi, mama mmoja alingoja wenzake wote waondoke. Alikuwa mama wa yule mtoto. Akaniuliza kwa Kiswahili cha shida kama ni kweli ipo inayopofusha, na mtu ataijuaje. Nikamwambia haijulikani kwa jicho wala pua, na haitoki kwa kuchemsha tena. Nikamwambia wanaoua watu ni wale wanaoongeza vitu vya viwandani. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema kuna mtu huwaletea mtungi wa dawa ya kuongeza nguvu. Hakusema zaidi, nami sikumuuliza. Chang'aa wakati huo ilikuwa imepigwa marufuku kabisa na sheria. Sheria mpya ya kuiruhusu kwa leseni ilikuja mwaka 2010. Mama kuniambia vile ilikuwa ni kujitia mikononi mwangu.

Siku chache baadaye mtoto akanijulisha, akiwa anaosha vyombo, kwamba mtungi umemwagwa shimoni. Pombe mama hakuacha, siwezi kukudanganya msomaji. Lakini mtungi ule ulimwagwa.

Nilikaa Kenyenya miaka mitatu kisha nikarudi Mombasa. Ami ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kitabu chake bado ninacho. Kila nikisikia mzazi wetu wa hapa Pwani anamwambia mwanawe aache kemia kwa kuwa ni mambo ya wenyewe bara na Wazungu, hukumbuka ule ukurasa uliokunjwa. Vyombo vile vina majina ya Kiarabu. Vimepita majumbani mwetu katika mrashi na chetezo. Tuliobaki kuvitazama ni sisi.

Mwanao akikwambia leo walichemsha pombe shuleni, usimkemee. Muulize ilichemka kwenye nyuzi ngapi. Asipojua, mrudishe kesho akaulize.

Tukutane juma lijalo, inshallah.